Pikipiki Nyekundu Iliyozimika Puge

Basi pikipiki ikatuzimikia njiani pale Puge, mjukuu wangu, mume wangu. Marahaba, ujumbe wako nimeusikia, na sisi huku Isevya wazima. Pikipiki zako hizo mbili za mtumba, za mbio, unazotaka kuchagua, nimeziona kwenye picha. Ya babu yako niliichagua mimi, kwa wekundu tu. Muuzaji alikuwa keshaipasha moto kabla hatujafika, maana ikiwa baridi haiwaki. Wewe shika injini kwanza, uone kama ni ya baridi.

Babu yako akaisukuma, vijana wa pale wanacheka: "Bwana, umenunua rangi?"

Akajibu, "Nimechagua mwenyewe."

Na mimi nimejifunika kanga, napita ng'ambo ya barabara kama simjui! Mpaka leo uso unaniwaka. Hata nyumbani sikumwambia samahani, mpaka tukamzika. Nilitaka tu…

Ee, nakuja! Shangazi yako ananiita, wageni wamefika. Naenda.