Springi ya Mguu wa Kulia

Kanyenye, Tabora
Jumatatu

Dada yangu mpenzi Mwanne,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu kidogo, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillah. Binti yangu Najiat anakuamkia na anauliza kama umeanza kula vizuri tangu arobaini ya marehemu ipite.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi. Nimekupigia simu mara tatu, na kila ukipokea nimeishia kuuliza habari za mvua. Mdomo umeshindwa, acha mkono ujaribu.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba shehe amekubali na Halbadiri itasomwa Ijumaa hii hapo kwako Kaliua, ili aliyesababisha kifo cha mwanao Idrisa aokote makopo au afe kabla ya mwaka kugeuka. Hapa mjini kila mtu anajua kisomo kinamlenga nani. Ni Godbless, mtunza stoo aliyekaa siku tatu na pikipiki ya marehemu iliposhushwa kwenye lori kutoka Dar. Kazi wamemwachisha. Mkewe akienda sokoni, watu wanahamisha vikapu vyao. Juzi alinipitia gereji akasema kwa upole kabisa kwamba yeye ni Mkristo, kisomo chetu hakijui, lakini atapanda basi aje akae katikati ya wasomaji, kwa sababu hajaiba kitu. Alipoondoka niliangusha kopo zima la oili.

Dada, unanijua. Mimi ni mtu wa kelele, na ufundi wangu nimejivunia miaka ishirini na mbili. Unajua pia desturi yetu mafundi wa Tabora: pikipiki mpya haitoki mpaka tufungue shokapu za mbele, tuongeze oili nzito, maana barabara zetu hazina huruma. Ya Idrisa ilikuwa ile ya mbio, toleo la mwaka huu. La mwaka jana nimelifungua mara nyingi, lina springi kila mguu wa shokapu, kulia na kushoto. Nilifungua mguu wa kushoto, springi ipo. Nikafungua wa kulia, hakuna. Sikujiuliza mara mbili. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia kwamba tumeibiwa, nikamtaja Godbless kwa jina. Kisha nikachukua springi ya toleo la mwaka jana, nikaishindilia mle ndani.

Idrisa alirudi siku ya pili akasema mbele pamekuwa pagumu kama mchi, gurudumu linadunda. Nilimcheka. Nilimwambia aache woga wa kike, chuma kipya huzoea. Siku ya tisa akaondoka kuja kukuona, njia hiyo hiyo ya zamani ya Ujiji, na kwenye tuta lile la kwanza baada ya Urambo gurudumu likaruka, usukani ukamponyoka. Mengine unayajua, ulimwosha mwenyewe uso.

Msibani nilisema springi ya kubandika haiwezi kuwa kama ya kiwandani, kwa hiyo mwizi ndiye muuaji. Halbadiri nayo, dada, ni mimi niliyeitamka kwanza. Nilikuwa naamini. Wallahi nilikuwa naamini.

Alhamisi iliyopita Awadhi wa Cheyo ameniletea pikipiki kama ile ile, bado imo ndani ya kasha lake. Misumari ya kasha nimeing'oa mimi mwenyewe. Nimefungua mguu wa kulia. Hakuna springi. Nikamwita Najiat anisomee kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilichokuja nayo; kile cha Idrisa nilikitupa juu ya kabati bila kukifunua. Akasoma kwamba mwaka huu kiwanda kimebadilisha: springi ni moja tu, iko kushoto, na mguu wa kulia kazi yake ni kutuliza mdundo. Akaonya hapo hapo, maana ndivyo ilivyoandikwa, kwamba mguu wa kulia usiongezwe kitu. Nilimwambia arudie. Akarudia.

Hakuna mtu aliyeiba, dada. Mwanao nimemuua mimi, kwa ujuaji wangu.

Najiat hajui kwa nini nilimwomba arudie. Godbless nitamfuata nyumbani kwake leo, nimwambie mbele ya mkewe, kisha nitazunguka duka kwa duka kuifuta ile kauli yangu. Naogopa kisomo, sikufichi. Tangu Alhamisi vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, najiambia ni kazi. Lakini sikuandikii ili ukifute. Hilo ni lako wewe mama yake.

Ijumaa nitapanda basi la alfajiri. Usinipikie, wala usihangaike kunitandikia. Shemeji na watoto wote wasalimie sana.

Ukiamua kisomo kiendelee, jina la kumpa shehe ni hili hapa chini.

Mdogo wako,
Mabruki