Vidonge Ulivyomtumia Mama

Kinjumbi, Kilwa,
12 Aprili 2025.

Mpendwa kaka Majid,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Oman, na kwamba kazi na joto havijakuchosha sana. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ingawa safari hii uzima wetu una hofu ndani yake. Simu yako haipatikani tangu ulipohamia kambi ya jangwani, ndiyo maana barua nampa Huseni wa mjomba. Anarudi huko leo.

Kaka, mama alizimia juzi. Usishtuke, yuko hai, amelala hapa zahanati kazini kwangu, mbele ya macho yangu. Alikuwa anafunga zile sita za baada ya Idi, nami nilishamkataza mpaka nikachoka. Unamjua mama yako, ukimkataza ndiyo umemwongezea nguvu. Nilimkuta jikoni kalowa jasho, ananiita kwa jina la bibi. Nilipompima, sukari ilikuwa imeshuka hata nikadhani mashine ni mbovu.

Kumbe wakati wa daku alimeza vidonge vyake vya zahanati, akaongeza na vyako. Jina kubwa juu ya boksi lako ni jingine, lakini maandishi madogo chini yake yanasema dawa ni ileile. Amemeza dozi mbili, kisha akashinda na njaa. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba kitu alichotuma mwanawe hakiwezi kumdhuru. Nilitaka kucheka, nikalia.

Nimemtundikia dripu ya sukari. Lakini dawa hii haitoki upesi mwilini mwa mzee. Sukari inapanda, unashusha pumzi, kisha inashuka tena. Kwa hiyo simwachi peke yake. Namwamsha, nampima, ananigombeza, nami nafurahi akinigombeza.

Linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Boksi lako nimelikuta karibu tupu. Mzigo alioleta Huseni kabla ya Idi, mama aliugawa kama kawaida yake, huyu tende, huyu sabuni, na wanaolalamika miguu akawapa vidonge, eti kwa kuwa dawa ya sukari ilimwondolea yeye ganzi. Watu hao hawana kisukari, kaka. Mmoja wao akivimeza akalala, anaweza asiamke.

Na kuwataja hataki. Anasema ukishampa mtu humtangazi, hayo ni masimango. Nimepita nyumba kwa nyumba, na imamu ametangaza msikitini. Karatasi mbili za vidonge zimerudi, waliobaki wananiapia hawana kitu. Nani anataka kunyang'anywa zawadi ya Uarabuni? Mtu akipiga hodi hapa zahanati, nadhani ameletwa mmoja wao.

Mama anasema mwenye mali ni wewe, ukimruhusu atawataja. Basi ukipata mtandao tu, mpigie. Usimuulize hali, muulize kampa nani. Na dawa usitume tena, hata ya kichwa. Najua ulituma kwa mapenzi, lakini mapenzi hayo nayaogopa sasa.

Mkeo na watoto hawajambo, wanakusalimu. Mjomba naye anakusalimu na anaulizia redio yake. Shangazi Bihawa, yule aliyekuja kula Idi kwetu, alipiga simu juzi kutoka Kiranjeranje, nikiwa nahangaika na mama. Alisema nikuandikie kwamba anakushukuru sana, miguu yake sasa

Kaka, salamu hizi nimezipokea juzi, na leo ndiyo nazisikia. Shangazi anaishi peke yake.

Nimempigia. Simu inaita tu.

Huseni yuko mlangoni, gari linamsubiri. Mungu akulinde ugenini, na amlinde shangazi mpaka apokee simu. Nampigia tena.

Mdogo wako akupendaye hata katika hasira hizi,

Somoe