Feni ya Bafuni Isiguswe

Shikamoo Baba,

Usiwashe swichi ya bafuni. Nimezima umeme wa nyumba nzima, kwa sababu nakujua. Friji imenyamaza, lakini hiyo hujaiharibu. Maziwa nimeyaweka kwenye beseni la maji, yanyweni yasije yakachacha.

Asubuhi nilikuwa naoga. Feni yako mpya ikanguruma, ikanimwagia vumbi usoni nikiwa na sabuni. Ni feni ya kutoa mvuke nje, Baba, wewe umeifunga kinyume. Kisha ikatoa cheche. Mama akapiga ukelele, nawe ukajibu nje ya mlango, "Ni mpya, itazoea!"

Nimefungua kifuniko. Nyaya umeziunga kwa plasta ya kidonda.

Ningecheka, ila jana nilikusikia ukimwambia jirani kuwa umeme si kazi ya mwanamke. Nyaya za nyumba yake nilizitandaza mimi. Alikuitikia kwa kukustahi tu.

Jioni ~~nitaitengeneza mwenyewe~~ tutaitengeneza pamoja. Nitapanda mimi, wewe utashika ngazi. Jirani akipita akiuliza fundi ni nani, utamjibu wewe.

Binti yako