Hapa Mwakio Atashuka

Barasa,

Barua za kwetu huanza na "mimi mzima, wasiwasi ni kwako." Hapo nitaruka. Hali yako naijua, na yangu ni kwamba goti la kushoto limevimba kama boga na mwenye makosa ni wewe.

Nimekaa chumbani kwangu hapa Muaither, hiki cha kando ya geti, nimeshika kalamu. Unajua mimi na kalamu. Shule niliiacha darasa la tatu baada ya mwalimu kushindwa na mimi, na tangu hapo nimeandika jina langu na nambari za magari, basi. Na bado nimeendesha watu Doha hii miaka ishirini na sita bila kukwaruza bampa. Wewe msomi uligonga nguzo ya hoteli mara mbili. Sasa umenifanya mwandishi uzeeni. Karatasi mbili nimeshatupa.

Nimetoka Ufaransa, Barasa. Ndiyo, mimi. Bosi alikodi nyumba mashambani huko kukimbia joto, wakanichukua niwasaidie. Nilidhani naenda kuendesha. Bosi akakodi gari akaendesha mwenyewe, mimi nikawa wa kubeba masanduku na kuangalia watoto wasitumbukie kwenye bwawa. Dereva kama mimi. Lakini nilinyamaza, kwa sababu aliponionyesha jina la mahali kwenye simu, nililinganisha herufi moja moja na ule ukurasa wa mwisho wa kitabu chako, na zilikuwa zilezile. Nikasema huyu Barasa hata huko aliko hajaacha kunipangia safari.

Kitabu chenyewe nimekilaani mara ngapi. Madamu wako Mfaransa wa Al Sadd, yule mwalimu uliyemwendesha kabla ya hoteli, alipofungasha kurudi kwao, madereva wengine wangeomba friji. Wewe ukaomba kitabu cha njia za baiskeli. Vinjia vya mashambani visivyo na magari, vinapita kwenye mizabibu, ngome za kale, madaraja ya mawe. Ukaja nacho hapa getini umekikumbatia kama mtoto, ukasema, "Mzee wa milima, tunaanza Ijumaa."

Tukaanza. Watu wazima wawili, kila Ijumaa kabla jua halijawa kali, tunanyonga baiskeli kutoka Muaither mpaka Umm Salal tukiigiza tuko Ufaransa. Unapima kilomita za kitabu kwa kilomita za hapa. "Kulia ni shamba la mizabibu," unasoma. Kulia ni yadi ya malori ya maji. "Sasa tunavuka mto, inua miguu usilowe." Mto uko wapi, mchanga mtupu, nami mjinga nainua miguu. Na kwenye minara ya zamani pale Umm Salal tunakaa kivulini, unamimina chai ya karak kutoka kwenye chupa, unanieleza wafalme walifanya nini ndani ya ngome hiyo. Nadhani mengi ulikuwa unatunga. Kifaransa chako kilikuwa cha kumpeleka madamu sokoni.

Tukamaliza kitabu chote isipokuwa ukurasa wa mwisho. Ukasema huo tuuache, huo tutaupanda huko kwenyewe, kwa sababu unaishia na kilima chenye kanisa la mawe juu, na Doha haina kilima, ina daraja la juu la barabara tu. Na hilo daraja tulilijua. Kila tukifika katikati yake unashuka, unashika kifua, unasema, "Mwakio, nisubiri, kifua hiki." Nami nashuka kukungoja, nakucheka. Mtu aliyebeba abiria kwa baiskeli Bungoma nzima, daraja la magari linamshinda.

Ndiyo maana siku moja nilijigamba mbele ya Ssali, Mganda wetu wa ulinzi, na wenzake wote. Nilisema mimi nimezaliwa Wundanyi, mahali ambapo hata mbuzi wanahitaji breki, na siku kilima chochote kitanishusha kwenye baiskeli, ninyoeni ndevu zangu kwa maji baridi. Wakashika maneno hayo. Wewe ukachukua penseli ukaandika kitu kwenye ukurasa wa mwisho, herufi kubwa kubwa kama ulivyoniandikia siku zote. Nikasema nionyeshe. Ukasema, "Utasoma siku ikifika. Kwanza jifunze kusoma."

Halafu ukafa. Jumanne, unabadilisha tairi ya gari la hoteli. Moyo, walisema. Tukakusindikiza mpaka uwanja wa ndege, ukaenda Bungoma bila mimi, na Ssali akaniletea kitabu kimefungwa kwenye taulo lako. Penseli yako ya ukurasa wa mwisho sikuisoma, ulisema siku ikifika. Baiskeli yako iko hapa ukutani. Kila Ijumaa naijaza upepo. Ssali anaiomba, namwambia hii ni ya mtu. Ananiangalia. Najua anachofikiri.

Sasa nikueleze huko Ufaransa, na usinikatize.

Mke wa bosi aliniambia chagua siku moja ya kupumzika. Nikatumia akili. Nikachagua Jumapili, siku ya kazi kama hapa Doha, maduka wazi, mtu anapata chai. Barasa, nimekaa Doha mpaka nimesahau Jumapili ni nini. Hata kanisani si tunaenda Ijumaa? Kwenye banda la nyumba kulikuwa na baiskeli kuukuu ya gia tatu, mbili zimekufa. Nikafunga begi mgongoni: chupa tisa za maji, kofia, kitabu, taulo lako nimelilowesha la kuweka shingoni. Nikatoka alfajiri kulikimbia jua. Jua lipi. Baridi ilikuwa inanitoa machozi, na saa mbili mvua ikaanza. Mimi na maji yangu chupa tisa, mvuani.

Njia ilikuwa tupu kama kitabu kilivyosema. Mizabibu kulia, kweli kulia. Ngome ilikuwepo, geti lina kufuli. Mto ulikuwepo, na juu yake daraja la mawe zuri kabisa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuinua miguu, na hilo likaniudhi zaidi ya mvua. Ule wetu wa Umm Salal ni mto bora. Nikafika kijiji ulichokiandikia HAPA CHAI kwenye ramani ya kitabu. Mkahawa umefungwa. Duka limefungwa. Nikasimama pale nikidhani wamehama, mpaka kengele ikalia na watu wakaanza kutoka wamevaa vizuri kwenda misa. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikanywa maji yangu ya mvua na ya chupa pamoja.

Kisha kilima. Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole chini ya penseli yako, nikasoma kama ninavyosoma mimi, neno na kupumzika. HAPA. MWAKIO. ATASHUKA.

Nilikifunga kitabu pale pale. Sikusoma chini zaidi. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, wewe ni marehemu na mimi ni mzee. Mwaka mzima umelala kwenye udongo na bado unanitania. Nikapanda ile baiskeli na hasira, na chupa zote mgongoni, sikumwaga hata moja maana ningemwaga ungesema nimepunguza mzigo. Nilinyonga, Barasa. Kona ya kwanza, ya pili. Wundanyi ingeniona ingepiga vigelegele. Kona ya tatu goti likalia kama bawaba, pedali ikakataa kuzunguka, na mimi nikashuka.

Nikashuka. Umeona nimeandika mara mbili.

Nikaisukuma mpaka juu nikitazama nyuma kama mwizi, utadhani Ssali yuko kwenye mizabibu. Kanisa lenyewe ni dogo, mawe meusi, kuna benchi ukutani. Nikakaa, nikafungua kitabu nitafute mahali pa kukutukana vizuri. Ndipo nikaona mistari mingine chini. Nilichukua muda mrefu kuisoma, mvua inadondokea karatasi, nafunika kwa kofia.

NITASHUKA KWANZA MIMI. NITASEMA NI KIFUA.

Sasa nijibu. Kwenye daraja la Doha, Ijumaa zile zote, kifua kilikuwa kinakuuma kweli, na mimi nakucheka mgonjwa? Au kilikuwa hakina kitu, na ulikuwa unanisitiri kwa sababu uliona goti langu linatetemeka kabla sijaliona mwenyewe? Nilikaa kwenye benchi lile nikiligeuza jambo hili mpaka mvua ikakatika na nguo zikanikaukia mwilini. Kama ni la kwanza, ungenipigia kelele, nilikuwa na gari, ningekupeleka hospitali kwa nguvu. Kama ni la pili, nani alikuomba? Mtu mzima husitiriwa bila kuambiwa? Yote mawili yananiudhi.

Tena sijamaliza ubaya wangu. Niliporudi Ssali na wenzake walikuwa getini. "Mzee, ulishuka?" Nikawaambia, "Kushuka ndiyo nini?" Wakapiga makofi, wakaninunulia chapati na karak. Chapati nilimpa Ssali, nikasema nimeshiba. Tangu siku hiyo kila anayepita hapa ananiita mfalme wa kilima, na kila wakiniita naona penseli yako.

Kwa hiyo nimeamua. Ijumaa hii Ssali atapanda baiskeli yako. Nimeshamwambia, ameanza kuipaka mafuta cheni kama ng'ombe wa mahari. Tutakwenda Umm Salal, wenzake watatukuta huko, tutakaa pale kivulini kwenye minara, nami nitawasomea ule ukurasa kwa mdomo wangu mwenyewe, mistari yote mitatu, hata ikinichukua asubuhi nzima. Halafu Ssali atatoa wembe. Maji baridi nitabeba mimi, unajua sikosi maji.

Na kwenye daraja la barabara, nikimwona Ssali anahema, nitashuka kwanza. Nitasema ni goti. Yeye ni kijana, hatajua kwamba hilo moja ni la kweli.

Kaa salama huko Bungoma, ndugu yangu mkorofi. Sina hasira na wewe kama nilivyoanza. Nusu imebaki. Tukifika pale kwenye mchanga, kwenye mto wetu, nakuahidi nitainua miguu.

Mwakio