Kwa Maua ni Mbali

Euless, Texas
Jumapili jioni, mwezi Machi

Mpendwa Mama,

Pokea kwanza salamu zangu, kisha uketi, kwa sababu nyuma ya salamu hizi nimebeba hasira. Goti lako linaendeleaje? Je, mvua imefika Runyenjes, na maharagwe umeshayapanda au bado unamngoja wa kukulimia? Mimi na Sheldon tu wazima. Mjukuu wako amerefuka hata suruali za Krismasi zimemwacha vifundo nje. Barua hii anakuletea Cheruiyot, muuguzi mwenzangu, anayesafiri kesho. Akifika Nairobi ataituma Embu kwa gari la vifurushi. Ningeweza kukupigia, lakini haya siwezi kuyasema huku nakusikia ukipumua kwenye simu.

Mama, watoto wako wamenichosha. Nasema wako kwa maana leo sina hamu ya kuwaita ndugu zangu.

Mwezi jana Sheldon alikwenda Houston na timu ya shule kucheza kandanda. Alirudi na picha. Nikaona kando yake msichana, wanakula pizza kwenye benchi moja, na paji lile la uso ni lako, Mama, lako kabisa. Nikamwuliza huyo ni nani. Akajibu bila kuinua macho, "Just some girl, Mom," eti msichana tu. Huyo ni Whitney. Binti ya kaka yangu Dedan, mjukuu wako, binamu yake wa damu. Walikula pamoja wakaagana, na hakuna aliyemjua mwenzake. Mara ya mwisho walipoonana ilikuwa ibada ya kumkumbuka Baba, nao walikuwa bado wa kusinzia mapajani. Niliingia bafuni nikafungua maji ili nilie bila kusikika.

Siku hizohizo Mado, mama wa Kikongo ninayefanya naye kazi, alinisimulia juu ya msitu mmoja ulio katikati ya kwetu huku Dallas na kwa Dedan huko Houston. Mwezi huu wa tatu, chini ya misonobari, kuna miti midogo inayochanua maua meupe kabla haijatoa majani, na njiani kuelekea huko nyasi za kando ya barabara zote huwa buluu. Maua hayo hayakai. Wiki mbili tatu, yamekwisha. Ukoo wa Mado huenda kila mwaka na masufuria ya sombe na samaki. Akaniuliza, "Dada, na ninyi munakutanaka wapi?" Nikajifanya natafuta funguo za gari.

Basi nikaandika kwenye grupu ya familia. Nilisema twende Jumamosi moja, watoto wajuane, tule, turudi. Sikuomba harusi. Jedidah alikuwa wa kwanza kunipigia kutoka Plano, na swali lake la kwanza lilikuwa nani amefariki. Nilipomwambia hakuna, alishusha pumzi, kisha akasema basi hawezi, amesha-pick shift kila wikendi mpaka Pasaka. Dedan yeye alicheka. Alisema mtu mzima hawezi ku-drive saa mbili na nusu kwenda kuangalia maua, na kwamba shambani kwetu mimea kama hiyo tulikuwa tukiing'oa na kuiita magugu. Niliwabembeleza. Nilibadilisha Jumamosi, nikaibadilisha tena. Nilisema chapati na mukimo nitapika mimi, wao walete midomo tu. Dedan akaniambia nitulie, maua yatachanua tena mwaka ujao. Maua, ndiyo. Sisi je?

Ukoo gani huu usiokusanyika mpaka kuwe na jeneza? Kwa msiba sisi ni hodari, hilo siwanyimi. Kamati inaundwa kabla machozi hayajakauka, mwenyekiti anapatikana, T-shati zinachapishwa, watu wanaacha kazi na kukesha barabarani. Aliye hai tunampa udhuru. Tunajisifu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Uzito wake ni wa nini kama haisogei mpaka mtu afe?

Sasa Mama, nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Jumapili iliyopita niliandika tena kwenye grupu. Nilisema kuna jambo zito kuhusu Mama, siwezi kulieleza kwa simu, tukutane Jumamosi hii inayokuja kule msituni. Hayo tu. Sikusema umekufa. Lakini walipoanza kulia, sikusema u hai.

Wote wanakuja. Jedidah alizi-cancel shift zake siku ileile. Dedan alilia kwenye simu kama mtoto, nikamsikia akikosa pumzi, kisha akajipangusa na kujitwika uenyekiti. Habari ya umbali haisemwi tena. Alinisifu hata kwa kuchagua mahali pa katikati, pasipomchosha mtu. Kwa maua ni mbali, Mama. Kwa kifo chako ni hapo tu. Ameshatafuta hema na mchungaji, na anataka picha yako ukiwa unatabasamu. Jedidah amechagua nyimbo.

Najua nimevunja mwiko. Mzazi aliye hai hazikwi kwa mdomo, na kama nimekuvutia mabaya, Mungu ayarudishe kwangu. Lakini kuna kinachoniuma kuliko dhambi yangu. Uongo huu ungevunjwa na simu moja tu. Namba yako wanayo. Jana nilikupigia nikijifanya naulizia mvua, nikapenyeza swali kama Dedan au Jedidah wamepiga karibuni. Ukajibu bado, wana kazi nyingi, nisiwalaumu. Mama, wiki nzima wanakupangia ibada ya kukukumbuka, wananipigia mimi kuhusu viti na kuhusu nyimbo, na hakuna hata mmoja aliyebonyeza namba yako kujaribu kama utaitika.

Jumamosi, saa sita mchana kwetu, itakuwa saa mbili usiku kwenu. Wakishaketi wote chini ya miti hiyo, Whitney na Sheldon wakiwa mkeka mmoja, nitakupigia na kuiweka simu katikati yao, sauti juu. Wewe itika kama unavyoitika siku zote. Wasalimu mmoja mmoja kwa jina, uanze na watoto.

Nifikishie salamu kwa shangazi, kwa majirani wote, na kwa akina mama wa kanisani wanaoniombea. Mwaka huu waongeze bidii. Mungu akulinde mpaka tusikizane.

Na Jumamosi ukisikia vilio, usiogope, wala usiwaulize walikuwa wapi. Hilo niachie mimi.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Wawira