Sitaomba Radhi kwa Tetemeko

Jumapili, Nyakatuntu. Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka baada ya ibada. Sasa kuna jua jepesi na migomba inachuruzika maji. Nina hasira. Naandika nikiwa bado nayo, maana najua nikilala itapoa na nitaanza kuandika kwa adabu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni Kokushubira, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi, na kazi yangu ni kuchunguza ganda la dunia chini ya milima iliyozama baharini. Ndiyo, baharini kuna milima. Mingine inavipita kwa mbali vilima vyote vya Karagwe na Kyerwa, na mabaharia hupita juu yake bila kuiona. Sisi tunaichunguza kwa sauti. Meli inavuta mitungi ya hewa iliyoshindiliwa. Hewa ikifyatuliwa, mshindo unashuka majini na kupenya kwenye mwamba, na vyombo tulivyovilaza kwenye sakafu ya bahari vinausikiliza. Katika mwamba mgumu sauti hukimbia, katika mwamba laini hujikokota. Kutokana na hilo tunajua ganda lina unene gani, na limebonyea kiasi gani kwa uzito wa mlima, kama kitanda cha kamba kinavyobonyea ukikitwisha gunia la kahawa.

Naipenda kazi hii. Safari yangu ya pili inaanza wiki hii, na nilikuja nyumbani kumuaga mama.

Jumanne ardhi ikatetemeka.

Mama na mimi tulikuwa tunageuza kahawa kwenye turubai. Kwanza kuku walinyamaza, kisha vyombo vikagongana jikoni, kisha nikahisi miguu yangu haina pa kusimama. Haikuchukua muda. Kwetu hakuna kilichoharibika. Lakini kwa jirani yetu Ma Adventina ukuta wa jiko ulianguka na kumvunja mumewe, Ta Projestus, mkono. Tulikimbia kule. Mimi ndiye niliyeukalisha ule mkono kwenye kipande cha ubao na kuufunga kwa kitenge changu kabla hajapelekwa Kaisho kutibiwa. Alikuwa anatetemeka, akawa ananishukuru kwa Kinyambo na kuniita mwanangu.

Kufikia Alhamisi nilikuwa mimi ndiye niliyeuangusha ukuta wake.

Sikucheka nilipoambiwa. Krismasi iliyopita nilisimama kanisani nikaeleza kazi yangu, kwa fahari kabisa, kwamba tunafyatua hewa mpaka mwamba wa chini ya bahari unatikisika. Watu walipiga makofi. Sasa wamekumbuka lile neno moja, kutikisika, na wamehesabu kwamba kila nikija nyumbani narudi na kile nilichokiamsha huko.

Leo baada ya ibada kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana kilituita, mama na mimi, tukae nao ndani ya kanisa. Ma Adventina ndiye mwenyekiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiangalia dirishani. Nataka niwe mkweli juu yake: si mtu mbaya. Ana mume mwenye mkono uliovunjika na shamba linalohitaji mikono, na anatafuta wa kumlaumu kwa sababu ardhi haina uso wa kuulaumu.

Niliwaeleza. Nilisema ukigonga pipa unajua maji yamefika wapi bila kulifungua, nasi tunagonga hivyo hivyo. Wengi waliitikia kwa vichwa, maana kila mmoja wao hugonga pipa. Nilisema nchi hii yetu ya Kagera imetetemeka tangu enzi za mababu wa mababu, kwa sababu Bonde la Ufa linapita jirani na miamba yake bado inasogea.

Jonesia, binti wa shangazi yangu, akauliza swali ambalo niliona ni zuri kuliko yote: ukiligonga pipa kwa nguvu sana, si linapasuka? Nikamjibu kwamba mshindo wetu kwa dunia ni kama inzi kutua kwenye mgongo wa ng'ombe. Ngozi inaweza kucheza, ng'ombe haanguki.

Kisha mwingine akauliza kama kazi hii haidhuru kitu chochote kabisa.

Ningeweza kusema hapana, na huenda mambo yangeishia pale. Nilisema kweli. Nilisema nyangumi husumbuliwa na ile mishindo, na ndiyo maana tunaanza kwa sauti ndogo ili wapate kuondoka, na kuna watu kazi yao ni kuwaangalia, na wakionekana karibu tunasimama.  Ma Adventina akageuka kutoka dirishani.

"Kwa hiyo inadhuru," akasema. "Umesema mwenyewe."

Nimelifikiria jibu langu mchana kutwa. Lingerudi tena lile swali, ningesema vilevile. Siwezi kutafuta ukweli chini ya bahari halafu nikauficha Nyakatuntu.

Uamuzi wao ukatolewa: ama mimi niiache kazi hii, ama mama atoke kwenye kikundi. Nani asiyejua maana yake hapa kwetu? Ukitoka kwenye kikundi, siku ya msiba wako hakuna wa kukupikia waombolezaji, hakuna wa kukesha na wewe. Mama amewapikia wafiwa wa kata hii tangu mimi sijaanza shule. Sufuria kubwa za kikundi zinakaa jikoni kwetu.

Mama akainuka. Akatoka. Nilidhani amekwenda kulia nje. Baada ya muda akarudi kwenye mvua iliyokuwa imeanza kukatika, sufuria mbili kichwani moja ndani ya nyingine, ya tatu mkononi, na kanga imelowa mpaka kiunoni. Akazipanga sakafuni mbele ya Ma Adventina, polepole, na mifuniko yake.

"Waitu, ndugu zangu, sufuria ni zenu, nawarudishia," akasema. "Mtoto ni wangu."

Akanishika mkono kama mtoto mdogo, tukaondoka.

Naungama hapa, kwa sababu mbele yake siwezi: naogopa. Nikiwa baharini, mama akipatwa na jambo, nitafikaje? Nani atamlilia? Njiani nilimwambia labda niahirishe, safari nyingine zitakuja. Akasimama katikati ya matope.

"Nimetoka kuaibika mbele ya watu kwa ajili yako," akasema. "Usinifanye niwe nimeaibika bure."

Sikulitaja tena.

Mchana tumekula ndizi na maharage. Kisha Jonesia amekuja, amebeba mkungu wa ndizi, na amekaa na mama jikoni waziwazi, mlango wazi, apite atakaye amwone. Anasema wako wanne au watano ambao hawakukubaliana na uamuzi ule ila waliogopa kusema. Mama amemwambia hawalaumu, lakini wajifunze kusema. Sijui kama watajifunza. Najua mmoja amekuja.

Jonesia ameleta pia ujumbe wa Ma Adventina. Anasema mambo yanaweza kumalizwa kirahisi. Kwa kuwa mimi huandika huku mtandaoni na hata vijana wa hapa wananisoma, niandike kwamba nimejutia na nimeiacha kazi. Basi mama atarudi kwenye kikundi, na sufuria zitarudi jikoni kwake.

Ma Adventina, shikamoo. Namwombea Ta Projestus mkono wake upone, na nimewaomba binamu zangu waje kuujenga ule ukuta wiki hii, kwa sababu ni jirani yangu na si kwa sababu niliuangusha. Umeniomba niandike, nami nimeandika. Jumatano nakwenda kuusikiliza mlima.