Mikono ya Mama Ukutani kwa Watu

Mtaa wa Pillnitz, nyumba ya 14,
Dresden,
12 Novemba 1893.

Mpendwa mdogo wangu Gotthelf,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba hii isiyotulia. Je, hujambo? Mgongo wako umepata nafuu? Na Luise, kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko Wisconsin? Sisi hatujambo. Kaka yetu Traugott anakohoa tangu mvua zianze, lakini ukimwambia avae skafu anakujibu kwamba skafu ni ya wagonjwa.

Barua yako ya mwezi wa tano imeninyima raha mpaka leo. Uliandika kwamba sura ya mama inakutoka, kwamba ukifumba macho unaona kitambaa chake cha kichwa tu, ukaomba Traugott akuchoree picha yake kabla hujamsahau kabisa. Nilimsomea mezani. Aliweka kijiko chini akaondoka, supu ikapoa.

Wewe ulituacha Traugott akiwa bado anapaka rangi vibao vya mikahawa. Tangu hapo amechora mameya, wachungaji, wenye viwanda vya bia na wake zao, hata majenerali wawili. Mwaka wa ishirini na mbili sasa anafundisha chuoni, na nywele zimekwisha kichwani. Kila Jumamosi anapita nyuma ya wanafunzi akifuta kazi zao kwa kidole gumba. Siku moja nilimpelekea miwani nikamkuta na kijana mmoja mrefu.

"Hiyo pua umeiona?"

"Sijaiona vizuri, Bwana Profesa, ila najua pua ilivyo."

"Unajua! Basi nenda kachonge vinyago. Hapa tunachora tunachokiona!"

Darasa zima lilicheka, maana maneno hayo wanayaigiza kila siku akiwapa kisogo.

Na mtu huyu, Gotthelf, mama yake mwenyewe hakumchora. Kila mwaka alimwambia, majira ya baridi yajayo, mama, maana wateja walikuwa foleni. Mama naye hakukubali kwenda kwa mpiga picha. "Nina mwana mchoraji, nikakae mbele ya sanduku?" Ngojangoja huumiza matumbo. Sasa ni mwaka wa kumi na mbili yumo kaburini, na hatuna hata kikaratasi.

Tangu barua yako, Traugott alijaribu kwa siri. Nilikuta vipande vya karatasi ndani ya jiko, kimoja kina mdomo wa mjane wa mchungaji, kingine kina kidevu changu. Alianza kunifokea kwa vitu vya bure, akahamisha viti vyote, akapaka rangi mlango usio na kosa. Jumamosi moja hakwenda chuoni kabisa. Nikamwambia anichore mimi, kwani watu husema nimefanana na mama.

"Wewe ni wewe, Tine. Unataka nimdanganye Gotthelf?"

Ndipo nilipokumbuka yule Bi. Hempel, mke wa mwenye kiwanda cha nguo kule Chemnitz, ambaye Traugott alimchora zamani. Unajua mabibi wakubwa, wakishachorwa uso wanachoka kukaa, na mchoraji humtafuta yeyote akae badala yao ili amalizie mikono. Mama alikuwa amekuja kutoka kwetu Pulsnitz kututembelea. Traugott alimkalisha asubuhi mbili, akamvisha pete za bibi yule. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, miaka arobaini ya kutia nguo nili, naye akaichora nyeupe kama maziwa.

Mwezi uliopita tulikwenda Chemnitz. Bi. Hempel amefariki, tukapokewa na binti yake, tukaomba Traugott ainakili mikono ile.

"Karibuni mwitazame," alisema. "Mikono ya mama yangu ilisifiwa mji mzima. Hata hicho kidole gumba kilichopinda, mnaona kilivyo na heshima? Hiyo ni damu ya kibwanyenye!"

Kidogo nipasuke. Nilimkanyaga Traugott mguu aseme kitu.

"Naam," alisema, "ilikuwa mikono mizuri sana." Kisha akafungua mkoba wake wa rangi, akainakili mpaka jioni.

Tuliporudi alizitoa pete kwenye nakala yake, lakini buluu ya mikono ya mama ikamshinda. Alichanganya, akakwangua, akachanganya tena, siku tisa. "Siyo hii! Siyo hii!" Nilimsikia mpaka jikoni. Jumatatu iliyopita uvumilivu ukanishinda, nikapanda treni ya Pulsnitz bila kuaga. Karakana ya nili aliyofanyia kazi mama sasa ni ya kijana wa mzee Krahl.

"Shangazi, utaharibu mikono!"

"Mikono ni yangu. Wewe funua pipa."

Niliichovya mikono mara nne. Unakumbuka nili inavyotoka pipani ya kijani, kisha hewa inaigeuza buluu mbele ya macho yako? Nililia pale pale, na yule kijana akadhani ni majuto.

Nilirudi nikiwa nimeificha mikono ndani ya shali, maana garini watu walinikodolea macho. Nikaingia kwa Traugott, nikakaa kitini, nikaiweka mapajani. Alichukua brashi.

Basi sanduku lenye picha linaondoka na meli ya Bremen, litakufikia kabla ya Krismasi. Uso hamna, usikasirike. Traugott amekataa kuchora asichokiona, nami nimeacha kumsumbua. Ila mikono ni yenyewe, nayo ndiyo iliyokufunga vifungo vya koti siku unaondoka. Labda uso utakuja nyuma yake.

Nisalimie Luise, Emil na Klara mdogo. Mungu awape majira ya baridi mepesi na kuni za kutosha.

Jambo moja nilitaka kulinyamazia, lakini siwezi. Picha ilikwisha Jumatano. Alhamisi Traugott aliniambia nikae tena. Ijumaa pia, na jana hakwenda chuoni. Hakugusa rangi hata kidogo, alishika brashi kavu tu akiitazama mikono yangu ya buluu. Nilikaa.

Dada yako akupendaye hata ukichelewa kujibu,

Ernestine